Asiye na Hadithi Hula Mwisho

Paja la nguruwe lilikuwa limelala kwenye sinki tangu asubuhi likitoa chumvi yake polepole, na Jelagat alilibadilishia maji kila alipopita, bila kulitazama sana. Miaka mingine kazi hii ilikuwa ya Kipchumba. Yeye ndiye aliyekwenda kwenye bucha ya sokoni, katikati ya jiji, akabishana na muuzaji juu ya mfupa, akarudi Perry Barr kwa basi amelipakata paja kifuani kama mtoto aliyelala. Mwaka huu Jelagat alikwenda mwenyewe.

"Yule bwana mrefu yuko wapi?" muuzaji alimuuliza. "Yule asiyekubali nyama isiyo na mfupa?"

"Yuko nyumbani," Jelagat alijibu.

Hakudanganya. Kipchumba alikuwa nyumbani, Nandi, upande wa chini wa shamba la baba yake, pale michai inapokoma na udongo mwekundu unapoanza. Alikuwa pale tangu Machi.

Mgeni angeshangaa, familia ya Kinandi inayoishi Birmingham inachemshia nini paja la nguruwe kila katikati ya Agosti, kwa heshima kama ya Krismasi. Jibu lake lilikuwa mbali, kwenye mji mdogo wa pwani ya Italia uitwao Torrelunga.

Kipchumba alikuwa mkimbiaji. Hakuwa wa wale wanaopokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha maziwa na bendera. Alikuwa wa barabara ndogo, wa mbio za miji ambayo hata Waitaliano wenyewe huitafuta kwenye ramani: Jumamosi mji wa mlimani, Jumapili mji wa bondeni, na zawadi ni bahasha nyembamba na kikombe cha plastiki chenye rangi ya dhahabu. Meneja wao aliwaweka vijana wake katika nyumba moja Torrelunga, na kila kiangazi Kipchumba alimwita mkewe aje na watoto. Jelagat alikuwa muuguzi Kapsabet. Aliomba likizo bila mshahara, akambeba Milka mgongoni, akamshika Cleopas mkono, akaenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na umri ambao mama yake alikuwa tayari na mjukuu.

Walikodi vyumba viwili juu ya nyumba ya mama mmoja mjane. Chini, ng'ambo ya barabara, miavuli ya ufukweni ilipangwa mistari iliyonyooka kama michai, ya buluu hapa, ya manjano pale, na kila familia ilikuwa na mwavuli wake, mwaka baada ya mwaka, kama watu walivyo na viti vyao kanisani. Mchana mji wote ulifunga madirisha ukalala, na mtoto aliyepiga kelele saa hizo aliitwa kwa jina na vizee wasioonekana. Jioni watu walioga, wakawavisha watoto nguo zilizopigwa pasi, wakatembea barabara moja kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wakilamba aiskrimu. Jelagat aliona ajabu mwanzoni: kutembea bila kwenda mahali. Baadaye naye akazoea, akawa anawapigia wanawe nguo pasi kabla jua halijashuka.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Nandi kuuliza jambo moja tu. "Kama hiyo bahari yote ni chumvi," alisema, "mbona hamtuletei ng'ombe hata mfuko mmoja?"

Kipchumba alicheka siku nzima. Lakini yeye mwenyewe bahari hakuitaka. Aliosha miguu pembeni, akarudi kwenye kivuli.

"Maji yasiyo na ng'ambo hayaaminiki," alimwambia Jelagat. "Hata mto una adabu. Unakuonyesha upande wa pili ndipo ukuulize kama utavuka."

Mwenzake, Kimani, kijana wa Nyahururu aliyejitupa majini kama bata ingawa hakujua kuogelea sawasawa, alimfanyia dhihaka bila huruma. "Bingwa wa lami! Njoo hapa! Au unangoja watuwekee barabara?"

"Wewe endelea," Kipchumba alimjibu. "Ukizama nitakimbia haraka sana kumwambia mama yako."

Basi, katikati ya Agosti, Italia nzima inapohamia baharini, Torrelunga walikuwa na mbio zao, na Kipchumba akashinda. Zawadi ilikuwa paja zima la nguruwe, limekaushwa kwa chumvi miezi na miezi, limefungwa kamba, la fahari. Alilipandisha ngazi begani. Jelagat alilinusa, akaligonga kwa kidole, likalia kama mlango.

"Hii nyama ni ngumu, Baba Cleopas. Walikupa ya zamani."

"Ichemshe," alisema mumewe.

Akaichemsha. Aliikata kwa msumeno alioazima, akaitia kwenye sufuria kubwa na vitunguu na nyanya, akamwaga maji ya kwanza kwa chumvi, akamwaga ya pili, akasonga ugali. Harufu ikashuka ngazi. Mama mwenye nyumba akaja, akafunua sufuria, akapiga ishara ya msalaba. Nyama ile, kumbe, huliwa mbichi, kwa vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, na aliyeichemsha ni kama aliyeikanyaga bendera. Alishuka, akarudi na dada yake ili naye ashuhudie. Kisha wote wawili wakaketi, wakapewa sahani, wakala kimya, na dada mtu akaomba nyongeza.

Hiyo ndiyo nyama ya Agosti. Mambo mengine ya Torrelunga yaliisha. Kisigino cha Kipchumba kilikataa kupona, meneja akaacha kupiga simu, na Jelagat akapata kazi ya uuguzi Birmingham, jiji ambalo, ukilitazama kwenye ramani, limekaa katikati ya kisiwa kama lililoikimbia bahari kutoka kila upande. Kipchumba akawa mpanga mizigo kwenye ghala. Siku za mapumziko aliwapeleka watoto hadi kwenye uzio wa uwanja mkubwa wa riadha ulio karibu na kwao, wakatazama watu wakikimbia.

Agosti ya kwanza watoto walililia mawimbi. Ndipo Kipchumba alipokwenda sokoni akaleta paja. Jirani yao Parminder, aliyekulia mtaa uleule, aliliona kwenye sufuria akasema tu, "Ah, mnapika nyama ya Kiingereza." Waingereza, kumbe, nao huichemsha.

"Umesikia, Mama Cleopas?" Kipchumba alisema, akipiga meza kwa furaha. "Tulikosea nchi. Mapishi hatukuyakosea!"

Akaweka sheria. Watoto wale walisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa Kikenya wa jiji lile. Lakini siku ya paja ni Kiswahili kitupu mezani. Na kabla ya kula, kila mtu atoe hadithi moja ya Torrelunga, aliyoiona kwa macho yake. Asiye na hadithi hula mwisho.

Hapo ndipo Milka alipoumia. Alikuwa ametoka Torrelunga akiwa bado hajaweza kuunga maneno mawili. Kila mwaka zamu ikamfikia, na kila mwaka akasema, "Mimi sina." Basi angekula mwisho, naye aliitii sheria kwa ukali wa askari, mikono juu ya mapaja, akitazama wengine wakitafuna. Ila hakula peke yake hata mara moja. Baba yake, aliyeitunga sheria, angekuwa amejaza sahani yake mapema, kisha angeanza kutafuta chumvi, kulegeza mkanda, kumuuliza Kimani, ambaye naye alikuwa amehamia Birmingham, habari za watu waliokufa zamani, na uma wake usiguse nyama hadi Milka aruhusiwe. Hapo wangeanza pamoja.

Kipchumba alianza kuumwa tumbo wakati wa vuli. Majira ya baridi yalipofika kilele alikuwa wodini, na miguu ile iliyomlisha ilikuwa imekonda hadi soksi zinateleza zenyewe. Jelagat alikuwa muuguzi; hakuhitaji kuambiwa.

Alasiri moja alimwacha Milka kando ya kitanda akaenda kutafuta chai. Aliporudi, pazia lilikuwa limevutwa nusu, akasikia sauti ya mtoto.

"Baba, nipe yangu. Ya Torrelunga. Kila mtu anayo."

Kisha sauti ya Kipchumba, nyembamba kama uzi.

"Wewe unayo, ila ulikuwa mdogo. Siku moja uliingia baharini peke yako. Ukatembea, ukatembea. Wimbi likaja, likakuangusha. Basi mimi nikaingia. Maji yakanifika hapa," na mkono wake ukainuka kutoka kwenye shuka hadi kifuani, "nikakuinua juu, hivi, nikakutoa. Ulikuwa unacheka."

"Hukuogopa?"

"Ningeogopa nini?"

Jelagat alisimama na kikombe. Kipchumba aliinua macho, akamwona kwenye upenyo wa pazia. Jelagat alikuwa ameishi na macho yale miaka mingi, alijua yanapoomba. Aliinamisha kichwa, akaingia, akaweka chai mezani. Ilikuwa kama ametia sahihi.

Kwa maana haikuwa hivyo. Siku ile Jelagat alikuwa anatoka bombani na chupa ya maji, akaona yote. Bahari ile haina kina. Mtoto hutembea mbali kabla haijambadilikia. Milka alikuwa ametembea mbali. Filimbi ikalia. Kipchumba akatoka kivulini kwa kasi ambayo hakuna mtu ufukoni pale angeifikia, akaingia majini, na maji yalipogusa magoti akasimama. Alisimama kama mtu aliyefika ukutani. Mlinzi wa ufuo, kijana wa suruali nyekundu, akampita ubavuni, akamnyakua mtoto. Ilikuwa ni kitambo cha kuvuta pumzi mbili. Hawakuizungumza tena maishani mwao, yeye na mumewe. Ilikuwa imelala kati yao kama kisu kilichofungwa kitambaani, hakimkati mtu mradi hakuna anayekifungua.

Sasa, shule zilipofungwa, Milka alirudi na mchoro. Mtu mrefu mweusi majini hadi kifuani, mikono juu, na juu ya mikono mtoto mwenye tabasamu kubwa kuliko uso. Akaubandika kwenye friji. Cleopas, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na miwili na kuota mabega ya baba yake, aliingia kuchukua maziwa. Akautazama. Akaacha mlango wa friji wazi.

"Haikuwa hivi," alisema.

"Cleopas, peleka taka nje."

"Mama, wewe unajua—"

"Peleka taka."

Alizipeleka. Tangu baba yake afariki alikuwa anatii kila kitu, na utii ule ulimtisha Jelagat kuliko ukaidi. Nandi, kaburini, wanaume wazima walishikwa mabega. Cleopas alirusha udongo wake akafuta mikono, macho makavu kama ya mgeni. Watu walisema, mtoto huyu ana moyo wa kiume.

Ndiyo maana leo, akizima moto chini ya sufuria, hakuwa na wasiwasi wa nyama. Milka alikuwa ametangaza wiki nzima: mwaka huu ana hadithi. Na mezani wangekuwepo wawili wanaoujua ukweli, yeye na Cleopas.

Kimani alifika jioni, bado na sare yake ya udereva wa basi, na tikiti maji kwapani.

"Shemeji! Hii harufu nimeisikia tangu kituoni. Nikafikiri wameichoma Italia."

"Karibu, Kimani. Kaa. Sio pale." Alikuwa ameelekea kiti cha Kipchumba bila kufikiri. Alisimama katikati ya hatua, akaugusa mgongo wa kiti, akavuta kingine.

Wakasali. Jelagat akaliweka paja katikati, na ugali, na sukuma, na kisu. Kimani aliuanza mchezo mwenyewe.

"Mimi yangu ni ya mama mwenye nyumba. Siku nilipofua soksi zangu nikazianika kwenye sanamu ya mtakatifu wa bustanini, kwa sababu mikono yake ilikuwa imenyooshwa vizuri..."

Milka alicheka hadi akajishika tumbo, ingawa aliijua. Jelagat akatoa ya chumvi ya ng'ombe. Zamu ikamfikia Cleopas.

"Sina."

"Wewe?" Kimani alishangaa. "Wewe mwenye Torrelunga yote kichwani? Si ndiwe uliyemwibia padri kofia?"

"Sina, anko. Nitakula mwisho."

"Basi mimi!" Milka alikuwa amesimama juu ya kiti. "Mimi ninayo! Siku moja niliingia ndani ya bahari peke yangu. Nikatembea, nikatembea. Wimbi likaja, likaniangusha. Basi Baba akaingia. Maji yakamfika hapa—"

Kicheko cha Kimani kilitoka chenyewe, kama kikohozi. "Kipchumba? Kifuani? Huyo aliyeogopa hata beseni? Bingwa wa la—"

Aliuona uso wa Jelagat. Neno likakatikia mdomoni. Mtu mwema hajui kudanganya, na Kimani alikuwa mtu mwema. "Ah, ndiyo," alisema, akijikuna shingo. "Ndiyo, ndiyo. Siku ile. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilimshikia taulo. Aliingia mpaka... mpaka hapa kabisa."

"Hukuwepo," Cleopas alisema. Hakupaza sauti. "Ulikuwa kwenye mbio za mlimani. Ulirudi usiku na kikombe."

"Cleopas," mama yake alisema.

"Ni mlinzi aliyemtoa. Mwenye suruali nyekundu. Baba alisimama. Nilikuwa pale. Alisimama tu."

"Mwongo!" Milka alilia. "Mwongo wewe! Baba aliniambia mwenyewe!" Akamgeukia Jelagat, mikono bado imeinuliwa ilivyokuwa kwenye hadithi. "Mama. Mwambie."

Nyama ilitoa mvuke. Nje, treni ilipita stesheni ya Perry Barr na kwenda zake.

Jelagat alimtazama binti yake, kisha mwanawe. Aliona kwamba mlango una pande mbili na yeye amesimama katikati. Akisema ndiyo, ametimiza alichomwahidi marehemu kwa kichwa kilichoinama, na amemfanya mwanawe mwongo mbele ya watu, mtoto aliyeona kwa macho yake na ambaye hakuna mtu mwingine duniani wa kumwambia, ndiyo, uliona. Akisema hapana, anamtoa Kipchumba majini kwa mikono yake mwenyewe na kumrudisha magotini, mbele ya mtoto aliyebaki na baba huyo mmoja tu. Wodini, wagonjwa walimuuliza mambo mazito kuliko haya, naye alijua namna ya kukaa kitandani mwao na kujibu. Hapa hakujua. Alisikia mkono wake ukitafuta kitu cha kushika, ukapata mwiko.

"Cleopas aliona sawa," alisema.

Milka alishusha mikono.

"Baba yako aliogopa maji. Aliyaogopa maisha yake yote. Siku ile alikimbia, akaingia, yakamfika hapa." Alijigusa goti. "Kwa Kimani hapa si kitu. Kwa baba yako ilikuwa mbali kuliko alikowahi kufika. Akashindwa kuendelea. Mlinzi akakutoa, akampa yeye. Na alipokupata hakusubiri viatu. Alikimbia na wewe peku kwenye lami ya moto, barabara nzima, mbele ya maduka ya aiskrimu, na watu walimjua, wakafikiri anafanya mazoezi. Walimpigia makofi. Wakasema, bravo, bravo. Nami nyuma yake na chupa ya maji, namwona analia na watu wanamshangilia. Hakukushusha chini hadi jioni. Hata mimi hakunipa."

Kimani alikuwa anazitazama kucha zake.

"Kwa hiyo," Milka alisema polepole, akiketi, "mimi sina."

Lilikuwa neno lake la kila mwaka, lakini halikuwahi kuwa na sauti hiyo. Jelagat alihisi limemfika mahali ambapo hata msiba wa Machi haukufika.

Ndipo Cleopas alipovunjika. Ilianza mabegani. Alizungumza Kiingereza, haraka, maneno yakipandana, na Jelagat ilimbidi ainame ili ayapate. Alisema Baba alimwambia amwangalie Milka. Alisema alikuwa na ndoo, alikuwa anachimba shimo. Alisema alimwona anakwenda na akafikiri atarudi. Alisema alikuwa karibu, karibu kuliko mlinzi, karibu kuliko Baba, angeweza kumshika shati. Na Baba hakumgombeza hata siku moja, na alikuwa anangoja amgombeze, na sasa hatamgombeza tena.

"Ulikuwa na miaka sita," Jelagat alisema. "Sita, baba yangu."

Alimshika kichwa akakikandamiza ubavuni mwake, na mtoto akalia kilio chote cha kaburini, kile alichokibeba kwenye ndege kwenda na kurudi. Jelagat alijiuliza jinsi nyumba moja ilivyolala miaka yote hiyo na watu wawili wenye jeraha lilelile, kila mmoja akidhani ni lake peke yake. Na mmoja amekwenda bila kujua.

Milka alikuwa anamtazama kaka yake. Hakuwahi kumwona analia. Akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe:

"Hospitali mkono wake ulikuwa na ile mpira ya dawa. Alipofanya hivi," na akainua mkono hadi kifuani, "ile mpira ilivutika, akaumia. Nikaona. Lakini akafanya tena. Hivi." Akainua tena. "Nilimwambia nipe hadithi, na yeye hakuwa nayo, akanipa."

"Hiyo ni yako," Kimani alisema. "Hiyo umeiona kwa macho yako. Shemeji, hiyo inahesabika."

Milka aliifikiria. Alikuwa na haki ya baba yake, ile ya kupima kitu pande zote.

"Haihesabiki," alisema. "Si ya Torrelunga. Ni ya hapa. Nitakula mwisho."

"Milka," Jelagat alisema, "mwaka huu si lazima."

"Sheria ni sheria, Mama."

Basi Jelagat akachukua kisu. Alikata nyama karibu na mfupa, pale inapokuwa laini, akampa Kimani, akajipa mwenyewe. Alimwekea Cleopas, akamwekea Milka, na wote wawili wakasukuma sahani zao mbele kidogo, kwa kuwa wote wawili hawakuwa na hadithi. Milka akaweka mikono juu ya mapaja. Macho yake yalikwenda kwenye kiti kisicho na mtu, mahali ambapo kila mwaka kulikuwa na mtu mzima anatafuta chumvi iliyo mbele yake, na yakakaa huko.

Kimani alitafuna kipande kimoja bila kukionja. Jelagat alijaribu cha kwake. Hakikuwa na chumvi. Alikuwa amebadilisha maji mara nyingi mno.

Cleopas alifuta pua kwa mkono. Aliuchukua uma wake, akautazama, akaurudisha mezani kando ya sahani, ukiwa umenyooka. Kisha akaanza kulegeza mkanda wake taratibu, tundu moja, kama mzee aliyejiandaa kwa mlo mrefu.

"Anko Kimani," alisema kwa Kiswahili, sauti bado imelowa, "yule padri mwenye kofia, bado yuko hai?"

Kimani alimeza. Akautazama uma uliolazwa, akamtazama Milka, akaelewa kazi aliyopewa.

"Yule?" alisema, akaegemea nyuma. "Yule ana habari ndefu."